Mfarishi wa Mtupeni

Sogeeni. Sogeeni karibu, wajukuu zangu, magoti yaguse magoti, maana kisa hiki ni cha baridi na hakisimuliwi kwa mtu aliyejitenga. Wewe Ngoda, acha kumfinya mwenzio. Wewe Sikudhani, hicho ulicho nacho mdomoni kimeze au kiteme, uchague moja. Sasa nyamazeni. Nyamazeni mpaka nisikie moto unavyokula kuni.

Haya. Nikiita “Uzi!”, ninyi niitikieni “Upite!”

Uzi!

Upite!

Mmeitikia kama watu waliolala njaa. Tena. Uzi!

Upite!

Basi na upite, utushone sisi na wale waliotangulia.

Kale, kale ya kale, milima ilipokuwa bado inagombania pa kukaa, palikuwa na mji juu kabisa, ukiitwa Kilongwe. Mimi sikuwepo. Nyanya yangu hakuwepo. Nyanya wa nyanya yangu naye hakuwepo. Lakini mdomo ulikuwepo, ukaupokeza mdomo, ukaupokeza mdomo, mpaka habari ikafika kwenye huu wangu wenye meno ya kuazimana.

Kilongwe kulikuwa na baridi, watoto wangu. Watu waliota moto asubuhi, wakaota moto mchana, wakaota moto jioni, na mtu akimwaga maji ya kunawa alisogea haraka yasije yakamshika miguu. Na kipupwe kilipoingia, Ukungu alishuka.

Ukungu wa siku zile hakuwa kama huu wenu wa kuficha njia tu. Alikuwa mtu. Mzee mrefu, mweupe, hana miguu, anatambaa kwa tumbo kwenye mteremko wa mlima. Alfajiri huingia nyumba hii na nyumba ile, hapigi hodi, anatafuta watoto wachanga. Hakuwa mbaya, la. Wazee walisema alikuwa mpweke, hana mke hana mwana, na mikono yake ya baridi haikujua kupakata. Akimkuta mchanga kafunikwa nguo ya nyumba moja, husema, “Huyu ana mwenyewe mmoja. Mmoja nitammudu.” Humkumbatia. Na aliyekumbatiwa na Ukungu hakuamka tena.

Ndipo wanawake wa Kilongwe wakatafuta dawa, na dawa ikawa mfarishi. Mnaujua mfarishi? Hamuujui, ninyi wa mablanketi ya dukani. Ni nguo nene ya kujifunikia. Chini shuka moja nzima, juu viraka, katikati sufi ya mti wa msufi, halafu unashona kwa mkono kuanzia pindoni, mstari ndani ya mstari, mpaka vyote vitatu vishikane viwe kitu kimoja. Na viraka vyake vilitoka nyumba zote za mji. Nyumba zote, sikusema nyumba nyingi. Kiraka cha kununua hakifai. Kiraka cha kuiba hakifai. Ni cha kuombwa na kupewa. Maana Ukungu akiukuta mfarishi huo, kila mshono kwake ni ua, na kila ua lazima aulize, “Mtoto huyu wa nani?” Akijibiwa kila penye mshono, “Wa kwetu,” anachoka, jua linamkuta, anapanda zake mlimani. Lakini ikikosekana nyumba moja, pale ilipokosekana pana mlango.

Na mtu akipokea kiraka hakusema ahsante. Alisema, “Nimefunikwa.” Mwenye kutoa akajibu, “Funikika.” Hiyo ndiyo ilikuwa shukurani ya Kilongwe, na mimi naiona ni tamu kuliko yetu.

Kuna neno jingine moja mlishike vizuri, kwa sababu kisa chote kinaning'inia hapo. Kilongwe, jua likishakuchwa, hakuna aliyetamka sindano. Ukiita sindano gizani unaamsha kila kinachochoma: nyoka, nge, kichomi cha mbavu. Kwa hiyo jioni sindano iliitwa mwiba. “Shoga, niazime mwiba.” “Huu hapa mwiba, usinipotezee.” Na hapana aliyechanganyikiwa, maana kila aliyezaliwa Kilongwe alijua.

Kila aliyezaliwa Kilongwe, nimesema. Uzi!

Upite!

Sasa palikuwa na mwanamke, jina lake Mboni, mke wa Kipingu mfuga nyuki. Aliishi na mavyaa yake, Bi Chiku, bibi mnusa ugoro, mwenye ulimi wa pilipili na moyo wa asali. Mboni akazaa mtoto wa kwanza, mvulana, mweusi tititi kama punje ya mbarika. Akaomba viraka, akapewa, akashona mfarishi. Akashona, akashona, akashona. Kipupwe kikabisha. Siku ya mwisho, jua linazama, umebaki mshono mmoja tu, tena mfupi kama kiganja, sindano ikasema ka! Ikavunjika.

Siku zile sindano haikuwa ya kuokota. Nyumba zenye sindano zilikuwa mbali, ng'ambo ya korongo. Iliyokuwa karibu ni nyumba moja, upande wa pili wa ua wa miiba, na humo alikuwa ameingia bi harusi kutoka bondeni kwenye joto, hata vumbi la safari halijamtoka visiginoni. Jina lake Semeni.

Mboni akasimama uani, akaita:

“Jirani! Jirani mgeni! Niazime mwiba, nina mtoto hapa sijammaliza!”

“Mwiba?” sauti ikauliza ng'ambo.

“Mwiba, dada yangu, upesi, giza linaingia!”

“Subiri, nakuletea mzuri!”

Mboni akasubiri. Akasikia majani yakikwaruzwa, akasikia maji yakimiminwa. Mkono ukapita juu ya ua, ukampa kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Akakimbilia ndani penye moto, akafungua jani.

Mwiba. Mwiba wa mti, wajukuu zangu. Mrefu, mweupe, umeoshwa.

Mmeguna. Hata mimi nilipohadithiwa niliguna. Lakini hamjajua bado kwa nini Mboni alipiga ukelele. Kilongwe, mtu akizikwa, kaburi hulazwa matawi ya miiba ili fisi wasifukue. Kwa hiyo kumletea mwiba mwenye mtoto mchanga ni kumwambia, shika, utahitaji.

Bi Chiku alijifunga kibwebwe akaenda ng'ambo ya korongo na uzee wake, akabisha, akapata sindano, akarudi anahema. Alipofika alfajiri ilikuwa imemtangulia. Ukungu alishaupata ule upana wa kiganja.

Walimzika mtoto na mfarishi wake. Wakalaza miiba juu. Mboni akaiangalia ile miiba, akamkumbuka jirani yake, na jiwe likaingia moyoni likakaa.

Tangu siku hiyo hakumsalimu Semeni. Semeni alimwamkia mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu naye akanyamaza, akasema kimoyomoyo, “Watu wa milimani! Unawaazima kitu, hawarudishi, na salamu wanakunyima.” Mji ukanong'ona, “Yule wa bondeni ukimwomba sindano anakupa mwiba wa kaburi.” Mchana walimwendea, wakamwomba kiraka cha watoto wao, akatoa bila choyo. Lakini jua likikuchwa hapana aliyesogea kwake. Na neno la jioni hufunzwa jioni. Nani basi angemfunza?

Jina lake Semeni, na hakuna aliyesema naye. Uzi!

Upite!

Kipupwe kikaja kikapita, kikaja kikapita. Mboni akazaa tena, mtoto wa kike. Bi Chiku akampokea mikononi, akamtazama, akatangaza mlangoni kwa sauti ya kusikika mlimani:

“Tumepata kitu kibaya! Kibaya, kibaya! Jina lake Mtupeni!”

“Mama!” Mboni akalia kitandani.

“Nyamaza wewe. Namwambia huyo mzee wa mlimani asimtamani, siyo wewe.” Akainama akamnong'oneza mtoto sikioni, “Na wewe usisikie, ua langu.”

Mboni alipopata nguvu akajifunga mtoto mgongoni, akaanza kuzunguka. Akaenda kwa Hoza mhunzi. Hoza akachana pindo la nguo aliyofungia kiunoni, imejaa matundu ya cheche.

“Imetoboka, shemeji, lakini matundu hayo yamechomwa na moto. Labda joto limo bado.”

“Nimefunikwa.”

“Funikika.”

Akaenda kwa Mzee Fumbwe. Huyo Fumbwe alikuwa bahili, watoto wangu, bahili aliyekuwa akifumba jicho moja ili asilichakaze. Akazunguka nyumba nzima, akashika nguo hii, akairudisha, akashika ile, akairudisha. Mwisho akang'oa mfuko wa kanzu yake.

“Chukua mfuko. Hauna kitu, na mimi nikikosa pa kuweka kitu sitaombwa kitu.”

Mboni akacheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. “Nimefunikwa, babu.”

“Funikika, funikika, ila funga mlango, joto linatoka bure.”

Akaenda kwa Bi Nyange mkunga, aliyeishiwa macho kwa uzee. Bi Nyange akakata ncha ya ushungi wake, akampapasa mtoto uso mzima kwa vidole.

“Nimewapokea wote wa mji huu,” akasema, “na wote walikuwa wananikunjia uso hivihivi. Mwambie huyu asiwe na haraka ya kuondoka. Nimechoka kuwapokea wanaoondoka.”

“Nimefunikwa, bibi.”

“Funikika, mwanangu.”

Nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango. Mwenye hariri akatoa hariri, mwenye gunia akatoa gunia. Zikaisha nyumba zote. Ikabaki ile ya ng'ambo ya ua.

Mboni akautazama ule ua, akaingia ndani, akakaa chini, akaanza kushona.

Alitandika shuka, akatandaza sufi, akapanga viraka. Mahali pa kifua cha mtoto pakabaki wazi. Akatazama huku, akatazama huku, akachukua kaniki kuukuu ya mavyaa yake, akakata kiraka, akakiweka pale wazi, akakipigia bandi. Bandi ni ule mshono mrefumrefu wa kushikiza, wa kuja kufumuliwa baadaye. Vingine vyote alivishona kwa mshono mdogo wa kudumu. Hicho akakipigia bandi akakiacha.

Jioni Bi Chiku akaja kukagua. Akapitisha kidole. “Huyu Hoza, ana matundu. Huyu Fumbwe, mbana mfuko. Huyu Nyange.” Kidole kikafika kifuani, kikasimama. Akainama, akanusa.

“Mboni.”

“Abee, mama.”

“Kiraka hiki kinanuka ugoro wangu.”

Mboni akajifanya anatafuta uzi.

“Nyumba yetu imetoa mara mbili? Ukungu hajui kusoma nyota, mwanangu, lakini pua anayo.”

“Kwa yule siendi, mama. Yule alinipa mwiba wa kaburi. Alimtaka mwanangu, akampata. Niende tena nimwombe amfunike huyu?”

Bi Chiku akakaa, akatia ugoro puani, hakupiga chafya, na hiyo ilikuwa dalili ya kwamba ana huzuni.

“Sikwambii usiwe na uchungu,” akasema. “Aliyezikwa alikuwa mjukuu wangu. Nakwambia tu, wewe una mkono wa mshono kuliko mwanamke yeyote hapa. Mbona hicho umekipigia bandi?”

Mboni akaukunja mfarishi. Usiku ule mtoto akakohoa. Kikohozi kidogo tu, kama kifaranga. Kho. Lakini kwa mama hakuna kikohozi kidogo.

Asubuhi jua lilipowaka, Mboni akapanda kitandani, akapapasa makuti ya paa, akatoa jani la mgomba lililokaukia. Mwiba ulikuwa ndani bado. Alikuwa ameuweka miaka yote. Akaufunga kwenye ncha ya nguo yake, akatoka, akazunguka ua. Alikusudia nini? Hata mwenyewe hakujua: kuomba, au kumtupia miguuni.

“Hodi.”

Akabisha tena, kwa nguvu.

“Hodi wenyewe!”

“Nani huyo?” sauti ikatoka ndani. “Sauti ya jirani yangu, lakini jirani yangu ni bubu.”

“Ni mimi, mke wa Kipingu.”

Semeni akatokea mlangoni, mikono imejaa unga. “Umepotea njia? Au leo ndiyo siku ya kunirudishia mwiba wangu?”

Mboni akafungua ncha ya nguo, akautupa. “Huo hapo! Uchukue!”

Semeni akainama, akauokota, akaufuta vumbi, akaugeuzageuza.

“Ndio wenyewe,” akasema taratibu. “Niliuchagua mimi. Nilijichoma vidole gizani nikitafuta usio na kombo. Nikauosha. Na wewe hata kusema umefika hukusema.”

“Ulitaka nishukuru? Mwanangu alikufa!”

“Alikufa, nami sikuitwa hata kulia! Nilisikia vilio nikiwa nyuma ya ua kama mbuzi. Nilikosa nini? Uliomba mwiba, nikakupa mwiba.”

“Mwiba wa nini kwa mtoto mchanga?”

“Wa funza! Kwetu funza hutolewa kwa mwiba. Ulisema una mtoto hujammaliza, nikajua unamtoa funza, umebakiza kidole.”

“Mtoto wa siku chache apate wapi funza?”

“Ndivyo nilivyojiuliza! Nikasema huenda milimani funza wanaanza mapema!”

Msicheke bado. Haya, chekeni kidogo. Imetosha.

Mboni akashika nguzo ya mlango. “Semeni,” akasema, na ilikuwa mara ya kwanza jina lile kupita mdomoni mwake. “Niliomba sindano.”

“Ungesema sindano.”

“Jua lilikuwa limekuchwa.”

“Na jua likikuchwa sindano inaota majani?”

“Tunaiita mwiba. Jioni tunaiita mwiba. Sote. Tangu zamani.”

Unga ukawa unamdondoka Semeni vidoleni. Akapandisha mkono polepole, akagusa ushungi wake juu ya sikio.

“Nilikuwa nayo,” akasema. “Mboni, nilikuwa nayo. Ilikuwa imechomekwa hapa. Nilikuwa nashona, ukaniita, nikaichomeka kichwani nije nikutafutie mwiba.”

Basi wale wanawake wawili wakakaa chini pale kizingitini, mmoja huku, mmoja huku, wakalia. Wakalia kilio cha siku ile, kilichokuwa kimesubiri. Mtoto mgongoni akakohoa, kho, wakanyamaza wote wawili kwa pamoja.

“Nimekuja kuomba kiraka,” Mboni akasema.

Semeni akaingia ndani. Akakaa. Akakaa sana. Akarudi na kinguo kidogo, cheupe, kimepindwa pindo pande zote kwa mshono wa taratibu wa mtu anayejifunza.

“Kata hiki. Jioni ile ndicho nilichokuwa nakishona. Nilisikia jirani ana mtoto, nikasema nimshonee nguo ya arobaini, ndiyo itakuwa njia yangu ya kuwazoea. Hakuifikia. Sikuweza kukitupa, sikuweza kumpa mwingine.”

Mboni akakipokea. Kilikuwa na upana wa kifua cha mtoto, wala hakikuhitaji kukatwa. Akafungua mdomo, na neno likakataa kutoka, likakataa, likatoka:

“Nimefunikwa.”

“Funikika,” Semeni akasema. “Funikika, dada yangu.”

Uzi!

Upite!

Wakarudi pamoja. Bi Chiku akawaona wanaingia, akafyatua chafya tatu mfululizo, chafya za furaha. Wakafumua bandi, na bandi ikatoka kwa mvuto mmoja, maana haikuwa imeshika. Bi Chiku akarudishiwa kiraka chake cha ugoro. “Nilijua,” akasema. “Mkono wako una akili kuliko kichwa chako.”

Wakaanza kushona, Mboni upande huu, Semeni upande huu. Sindano waliyoitumia ilikuwa moja, ile ile ya ushungini. Mmoja anashona, anavuta, anampa mwenzake. Mmoja anashona, anavuta, anampa mwenzake. Mstari ndani ya mstari, kutoka pindoni kwenda kifuani. Na jua nalo halikuwasubiri, likazama. Ukabaki mshono mmoja, mfupi kama kiganja.

Sindano ilikuwa kwa Semeni. Mboni akanyoosha mkono.

“Nipe mw…”

Akakwama. Bi Chiku akakodoa macho.

“Nikupe nini?” Semeni akauliza, anatabasamu na machozi yanamtoka. “Sema vizuri, mimi mtu wa bondeni.”

Mboni akavuta pumzi. “Nipe sindano!” akapaza sauti, mji mzima ukasikia. “Sindano, Semeni! Nipe sindano!”

Lo! Milango ikafungwa, pata, pata, pata. Mzee Fumbwe akapanda juu ya kitanda. Bi Chiku akaangusha kikopo cha ugoro kikamwagika chote. Wakasubiri nyoka. Nyoka hakuja. Wakasubiri nge. Nge hakuja. Kikaja kicheko, tena kikaanzia kwa Bi Chiku mwenyewe aliyemwaga ugoro. Na penye mwanga wa moto Mboni akashona ule mshono, akaukata uzi kwa meno.

Alfajiri Ukungu akashuka.

Akaingia bila hodi. Akamwona mtoto, akafurahi. Akaweka mkono juu ya mfarishi, akakuta mshono.

“Mtoto huyu wa nani?”

Kiraka chenye matundu kikajibu kwa sauti ya nyundo, “Wa kwetu!”

Akasogea, akakuta mshono. “Mtoto huyu wa nani?”

“Wa kwetu,” kikajibu kiraka cha mfuko, “na ukiuliza mara mbili utalipa!”

Akasogea, akakuta mshono. “Mtoto huyu wa nani?”

“Wa kwetu,” ukajibu ushungi wa mkunga. “Hata wewe ungezaliwa ningekupokea mimi.”

Hariri ikasema wa kwetu. Gunia likasema wa kwetu. Akaparamia mshono huu, akajikwaa mshono ule, amechoka, amelowa, mpaka akafika kifuani, kwenye kinguo cheupe. Akasema moyoni, hiki ni kidogo, hiki nitakimudu. Akainama.

“Na wewe? Mtoto huyu wa nani?”

Kinguo hakikujibu kwa sauti ya Semeni. Kilijibu kwa sauti ndogo, ya mtoto asiyewahi kujifunza kusema.

“Wa kwetu,” kikasema. “Mimi ulishanichukua. Huyu ni mdogo wangu.”

Ukungu akasimama. Akaitazama mikono yake. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu milima ipate pa kukaa, akatoka nyumbani mwa watu kinyumenyume, kwa adabu, akapanda zake juu. Ndiyo maana mpaka leo, jua likitoka, ukungu haukimbii. Unarudi nyuma polepole, kama mtu aliyeona haya.

Na Mtupeni? Alikuwa amelala, jasho limemtoka puani. Jasho, Kilongwe, kwenye kipupwe! Mboni akaugusa unyevu ule kwa kidole, akausogelea ua, akamwamkia jirani yake kwa sauti ya kuamsha majogoo. Akazunguka mji mzima asubuhi ile, mlango kwa mlango, akaanza kwa Hoza, akaishia kwa Semeni, na kote alisema neno lile lile: “Nimefunikwa. Nimefunikwa. Nimefunikwa.” Mzee Fumbwe akamwambia, “Ulishasema, mbona unarudia?” Akajibu, “Ile ilikuwa ya kiraka, babu. Hii ni ya mtoto.”

Semeni naye alipojaliwa mvulana, wa kwanza kufika mlangoni kwake na kiraka alikuwa Mboni. Na ule ua wa miiba, wenyewe wakaufyeka ukawa njia.

Basi, wajukuu zangu, wazee walituachia hivi: ukiletewa mwiba, kumbuka kwanza uliomba nini. Usiuweke kwenye makuti miaka na miaka. Toka nao mchana, ukaulize. Na aliyekufunika, hata kwa upana wa kiganja, mwambie umefunikwa, umwambie na mara ya pili.

Wakafa wote, kama kila mtu wa kale. Kaniki yenye ugoro alizikwa nayo Bi Chiku pamoja na chafya zake. Sindano alirithi mvulana wa Semeni, akaja kumwoa Mtupeni, ndipo sindano na mfarishi vikakaa nyumba moja. Mfarishi ukafunika watoto wao, na watoto wa watoto, mpaka ukachakaa ukabaki mishono mitupu, nayo mishono ikarithiwa na upepo. Jina la Mtupeni alirithi nyanya yangu, aliyependwa kuliko watu wote. Neno la kushukuru nimerithi mimi, na leo nawagawia. Na mwiba? Njoo, Sikudhani, tia mkono kwenye makuti pale juu ya kichwa changu. Taratibu. Umeupata? Huo ni wenu, uwakumbushe kuuliza.

Uzi!

Upite!

Umepita, fundo limefungwa, jino limekata. Nanyi mliokaa nami mkanisikiliza, nimefunikwa.

Mnasemaje?

Funikika, bibi.